Dawa za Kolesteroli na Uzito wa Kiharusi: Mwongozo kwa Msomaji wa Nyaramba

Miongoni mwa maradhi yawezayo kumshika mtu akiwa mzima machoni pa watu, akichuma chai yake asubuhi au akipanga mikungu ya ndizi sokoni, na kumwacha kabla ya jioni hana mkono wala lisani, ni machache yaliyo mazito kama kiharusi. Na miongoni mwa dawa ziwezazo kulipunguza nguvu pigo hilo kabla halijafika, ni chache zilizopimwa kwa watu wengi na kwa miaka mingi kama dawa za kupunguza kolesteroli ziitwazo statini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Nyaramba na viunga vyake, katika Kaunti ya Nyamira, ambaye yeye mwenyewe, au mzazi wake, amerudi kutoka kliniki na pakiti yenye jina la atorvastatini, rosuvastatini au simvastatini, akawa hana yakini kama ameze dawa hiyo mwezi mmoja, au mwaka, au maisha yake yote.

Jibu lake kwa ufupi ni hili: statini ni dawa ya siku zote. Faida yake humfikia yule aimezaye kabla ya kiharusi, akaendelea kuimeza wakati wa kiharusi, na asiiache baada ya kiharusi, ilhali yule aianzaye na kuikatiza hupoteza sehemu kubwa ya manufaa aliyokwisha kuyagharimia. Yanayofuata ni maelezo ya jibu hilo na namna ya kulitenda.

Kiharusi na mafuta ya damu

Kiharusi ni namna mbili. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi zaidi duniani, hutokea pale donge la damu linapoziba mshipa upelekao damu ubongoni, na sehemu ya ubongo iliyonyimwa damu ikaanza kufa dakika kwa dakika. Namna ya pili hutokea pale mshipa unapopasuka na damu ikamwagika ndani ya ubongo wenyewe. Katika nchi zetu za Afrika fungu la namna hii ya pili ni kubwa kuliko lilivyo Ulaya, na sababu yake iliyo mbele ya nyingine ni shinikizo la damu lisilotibiwa, yaani presha. Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliokusanya wagonjwa wa nchi 32, Uganda ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha ya kuwa mambo kumi yawezayo kurekebishwa ndiyo yanayohusika na takriban viharusi tisa katika kila kumi, na presha ndiyo iliyoongoza. Basi asije mtu akadhani kwamba kidonge cha kolesteroli kimemwondolea faradhi ya kupima presha na kumeza dawa yake. Viwili hivyo huenda pamoja, na ikibidi kimoja kitangulie, hutangulia presha.

Kolesteroli yenyewe haikuumbwa kuwa sumu, kwa maana mwili huitumia kujengea kuta za chembechembe zake, na ini huitengeneza kila siku hata kwa mtu asiyeonja nyama. Madhara hutokana na lile fungu liitwalo LDL linapozidi katika damu, likapenya katika kuta za mishipa na kujikusanya humo kwa miaka mingi pasipo maumivu wala dalili, hata pakafanyika utando mnene. Na utando huo ukichanika, damu huganda juu yake, na donge hilo, likiwa katika mshipa wa shingo au wa kichwa, huwa ndicho kiharusi. Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea kolesteroli, na ini, linapopungukiwa, huvuta LDL kutoka katika damu ili kujikimu. Asili ya dawa hizi ni kuvu: mtaalamu wa Japani, Akira Endo, aliipata ya kwanza katika miaka ya 1970 kwa kuchunguza maelfu ya aina za kuvu, mwaka 1987 Marekani iliidhinisha lovastatini, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliitia simvastatini katika orodha ya dawa muhimu, maana yake dawa ambazo nchi yoyote, tajiri au maskini, yapaswa kuwapatia watu wake.

Yaliyothibitika na yasiyothibitika bado

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya, na ni aula yatenganishwe. La kwanza ni hili: je, statini huzuia kiharusi kisitokee? Hapa ushahidi ni thabiti. Katika utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2002, watu 20,536 waliokuwa katika hatari walipewa kwa kura ama simvastatini ya miligramu 40 ama kidonge kisicho na dawa, na viharusi vikapungua kwa takriban robo upande wa waliopata dawa. Mwaka 2006 ukafuata utafiti wa SPARCL juu ya watu 4,731 waliokuwa wamekwisha kupatwa na kiharusi, au na kile kiharusi cha kupita ambacho dalili zake huondoka zenyewe baada ya muda mfupi. Waliopewa atorvastatini ya miligramu 80 kwa muda wa karibu miaka mitano walirudiwa na kiharusi asilimia 11.2, na wasiopewa asilimia 13.1. Katika utafiti huohuo viharusi vya kuvuja damu vilikuwa 55 kwa waliopata dawa na 33 kwa wasiopata. Idadi hiyo ni ndogo, na faida kwa jumla iliizidi hasara, lakini ndiyo sababu tabibu humfikiria kwa hadhari mgonjwa ambaye kiharusi chake kilikuwa cha mshipa kupasuka.

Swali la pili ndilo lililo katika kichwa cha mwongozo huu: je, mtu anayemeza statini, kiharusi kikimpata licha ya dawa, hupatwa na kilicho chepesi zaidi? Watafiti wa nchi mbalimbali wamewalinganisha wagonjwa walioingia hospitalini wakiwa tayari wanatumia dawa hizi na wale wasiozitumia, na kwa jumla waliozitumia walionekana kupona vizuri zaidi, na baadhi ya hesabu zikaonyesha kuwa hata siku ya kwanza kiharusi chao kilikuwa na nguvu pungufu. Sababu zinazotajwa ni za kuaminika: statini hutuliza mwasho katika kuta za mishipa, huimarisha utando usichanike ovyo, na huisaidia mishipa kutanuka damu ikapata njia. Hata hivyo yampasa msomaji mwenye insafu azingatie kwamba mtu anayemeza statini kila siku aghalabu ndiye yuleyule aendaye kliniki, amezaye dawa ya presha na aliyekwisha kuacha sigara, na ni vigumu kujua ni kiasi gani cha wepesi ule kililetwa na kidonge na kiasi gani kililetwa na mwenendo mwema wa mwenye kidonge. Kwa hiyo wepesi wa kiharusi ni jambo la kutarajiwa, wala si ahadi ya kumpa mtu.

Liko jambo moja lililopimwa kwa kura, ambalo kwa matumizi ya nyumbani lina uzito kuliko hayo yote. Nchini Uhispania wagonjwa 89 waliokuwa wakimeza statini walipatwa na kiharusi wakalazwa. Kwa kura, baadhi wakaondolewa dawa hiyo kwa siku tatu tu za mwanzo, na wengine wakaendelea kupewa. Baada ya miezi mitatu, kama ilivyotangazwa mwaka 2007, walioondolewa dawa, asilimia 60 walikuwa ama wamefariki ama hawawezi kujitegemea. Walioendelea nayo walikuwa asilimia 39. Utafiti ni mdogo, lakini unatosha kutufunza kuwa kuikatisha dawa hii ghafula, na katika saa ambayo ubongo unaihitaji zaidi, ni hatari isiyo na sababu.

Ni nani apaswaye kuimeza

Si kila mtu mwenye umri mkubwa huhitaji statini, na si busara kuinunua kwa sababu jirani anaitumia. Wanaostahili bila shaka ni waliokwisha kupatwa na kiharusi cha kuziba au kiharusi cha kupita, na wenye maradhi ya mishipa ya moyo. Wanaofuata ni wenye kisukari waliofika miaka 40, na wale ambao tabibu, akihesabu umri, presha, sukari, sigara na kolesteroli yao pamoja, ameona hatari yao ni kubwa. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao wana hatari iliyozidi ya wenzao: utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliofanywa kwa watu 7,769 katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza maradhi makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban theluthi hata kwa wale ambao hatari yao ilidhaniwa kuwa ya wastani.

Mjamzito, au mwanamke anayetarajia kushika mimba, na anayenyonyesha, asiimeze mpaka azungumze na tabibu; vivyo hivyo mwenye maradhi ya ini yanayoendelea.

Kipimo cha mafuta ya damu hufanyika maabara, na kwa watu walio wengi hakilazimu kufunga kula. Kipimo cha presha kimekuwa karibu zaidi: tangu Septemba 2023 Serikali ya Kenya iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na mikoba yenye mashine za presha na za sukari, na ukimjua wa kijiji chako, mwombe akupime nyumbani na akuandikie nambari katika daftari. Mtu ambaye amekwisha kupatwa na kiharusi cha kuziba asicheleweshewe dawa kwa kusubiri fedha za kipimo cha kolesteroli, maana faida yake haimngoji mwenye kolesteroli ya juu peke yake.

Namna ya kuimeza

Kidonge ni kimoja kwa siku. Simvastatini humezwa jioni, kwa kuwa ini hufanya kazi yake kubwa usiku na nguvu ya dawa hiyo haidumu. Atorvastatini na rosuvastatini zaweza kumezwa saa yoyote, mradi iwe saa ileile kila siku. Kwa aliyepatwa na kiharusi cha kuziba, tabibu aghalabu huandika kipimo cha nguvu, yaani atorvastatini ya miligramu 40 hadi 80 au rosuvastatini ya 20 hadi 40, ambacho hupunguza LDL kwa takriban nusu. Ukisahau siku moja, endelea kesho kama kawaida, wala usimeze viwili pamoja. Damu irudiwe kupimwa baada ya wiki 4 hadi 12; utafiti uliofanywa Ufaransa na Korea Kusini na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa waliopata kiharusi wakashusha LDL chini ya 1.8 kwa kipimo cha milimoli walipata heri kuliko walioishia kati ya 2.3 na 2.8. Nambari hiyo ikishuka, hiyo ni dalili kuwa dawa inafanya kazi. Si dalili kuwa kazi imekwisha. Mkulima wa chai hauachi mti wake kwa kuwa ameuchuma vizuri mwezi uliopita, kwa maana anajua ya kuwa akiruka zamu zake majani hukomaa yakakataliwa kwenye mizani. Na mwenye kuacha statini kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri hukuta kolesteroli imerejea ilikokuwa katika wiki chache.

Chakula kina nafasi yake. Obokima kwa chinsaga au managu, maharagwe, samaki na parachichi ni chakula cha kusifiwa. Kinachopaswa kupunguzwa ni mafuta ya kuganda, nyama ya mafuta, vibanzi na maandazi ya kila siku, na hasa chumvi inayoongezwa mezani, ambayo huipandisha presha. Lakini chakula peke yake aghalabu hakishushi LDL kiasi kinachoshushwa na kidonge, wala kitunguu saumu na majani ya kuchemshwa hayashiki mahali pake. Anayependa kuvitumia na avitumie kama chakula, amjulishe tabibu, na asiache dawa.

Madhara, na dawa zisizopatana nayo

Malalamiko yanayosikika zaidi ni maumivu ya misuli. Hutokea kweli kwa baadhi ya watu, ila si mara nyingi kama inavyosemwa: mwaka 2020 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 60, walioacha statini kwa sababu ya madhara, miezi ya dawa na miezi ya vidonge vitupu bila kuwaambia kipi ni kipi, na takriban asilimia 90 ya usumbufu waliousikia wakiwa na dawa waliusikia pia wakiwa na kidonge kitupu. Basi mwenye maumivu mepesi asiitupe dawa. Arudi kliniki, kwani kipimo chaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa na nyingine ya jamii hiyohiyo. Lakini maumivu makali ya misuli pamoja na udhaifu na mkojo mweusi kama chai ya rangi, au macho kugeuka manjano, ni jambo la kwenda hospitalini siku hiyohiyo. Sukari ya damu yaweza kupanda kidogo, hasa kwa aliye karibu na kisukari, na faida kwa mishipa huizidi hasara hiyo.

Ziko dawa ambazo haifai kuzichanganya pasipo shauri. Amlodipini, ambayo watu wengi wa Kenya huimeza kwa presha, huizidisha nguvu simvastatini, na kwa hiyo simvastatini isizidi miligramu 20 kwa mtu huyo. Klarithromaisini na erithromaisini, ambazo hutolewa kwa kikohozi na vidonda, hufanya vivyo hivyo kwa ukali zaidi. Simvastatini na lovastatini hazichanganywi kabisa na dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri, mathalan atazanaviri au lopinaviri. Rifampisini ya kifua kikuu, kinyume chake, huipunguza nguvu statini. Hata balungi, likiliwa kwa wingi, huongeza kiasi cha simvastatini mwilini. Kwa sababu hizo, kila uendapo dukani kununua dawa ya maradhi mengine, mwonyeshe mfamasia pakiti zako zote.

Siku ya kiharusi

Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukakosa nguvu ghafula, maneno yakatatizika, jicho likapoteza nuru, au mtu akapepesuka pasipo kileo, usingoje kukuche. Tazama saa na uiandike, maana dawa ya kuyeyusha donge, mahali inapopatikana, hutolewa katika muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ikiwa mgonjwa aliamka nazo, muda huhesabiwa tangu alipoonekana mara ya mwisho akiwa mzima. Tafuta gari ambalo mgonjwa aweza kulazwa ubavuni, kwa kuwa bodaboda si chombo cha kumbeba mtu aliyelegea upande mmoja. Kutoka Nyaramba safari ya kwanza aghalabu ni hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nyamira, na ya pili ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ni vema kuuliza kwa simu kabla ya kuondoka ni wapi mashine ya kupiga picha ya ubongo inafanya kazi, maana picha hiyo ndiyo itenganishayo kiharusi cha kuziba na cha kupasuka, na pasipo kutenganishwa hakuna tiba yenye yakini.

Usimpe mgonjwa maji, uji, statini yake wala aspirini mkiwa njiani. Aweza kupaliwa, na aspirini yaweza kumdhuru aliyepasukwa na mshipa. Wala saa hizo zisipotezwe kwa kumtafuta aliyemroga. Kiharusi hakitumwi na jirani, na lawama za namna hiyo zimeleta msiba juu ya msiba katika nchi ya Abagusii. Na ingawa ababari, mafundi wa jadi wa kufungua fuvu, wanajulikana hata kwa wanachuoni wa ng'ambo, elimu yao ilihusu vichwa vilivyopata kipigo na maumivu yasiyokoma baadaye. Haina la kufanya kwa mshipa ulioziba ndani ya ubongo.

Chukua pakiti zote za dawa, na mkifika, mwambie anayempokea mgonjwa: "Daktari, baba amekuwa akimeza atorvastatini ya arobaini kila usiku, na ya jana aliimeza. Ataendelea nayo lini?" Mgonjwa asiyeweza kumeza aweza kupewa kwa mpira wa puani, na ni haki yako kuuliza, kwa kuwa katika msukosuko wa siku ya kwanza dawa za nyumbani ndizo husahauliwa upesi. Picha ikionyesha damu imemwagika, uamuzi wa kuendelea ama kusimama ni wa tabibu, nawe usimpe kwa siri.

Namna ya kutoishiwa

Wengi huacha statini kwa kukosa fedha, wala si kwa kuichukia. Iko desturi ya kununua dawa nyingi wakati wa bonasi ya chai, kisha ikaisha na kusubiriwa bonasi nyingine, na katikati mishipa ikakaa miezi bila kinga. Ni aula kumwambia tabibu waziwazi kiasi unachoweza kukitoa kila mwezi kutokana na malipo ya kawaida ya majani, akakuandikia kwa jina la dawa badala ya jina la kampuni, kwa maana zile zisizo na chapa maarufu zina dawa ileile kwa bei nafuu. Uliza pia kituo cha afya cha umma kina aina gani katika hazina yake, na bima yako inalipia nini, kabla ya kwenda dukani.

Kisha pangeni katika aila mambo manne, na myaandike kwenye karatasi moja ibandikwe ndani ya kabati: majina ya dawa zote na vipimo vyake, nambari za presha za miezi mitatu iliyopita, nambari ya simu ya mwenye gari anayekubali kutoka usiku, na jina la mtu mmoja wa nyumbani mwenye dhamana ya kuhesabu vidonge kila Jumapili. Huyo akiona vimebaki vya siku saba, safari ya kununua vingine ni wiki hiyohiyo.